Kuchagua klachi ya pawatila iliyofungwa injini kubwa: mwongozo kamili

Malalamiko ni yale yale kila msimu. Mtu ana pawatila (trekta dogo la mkono la magurudumu mawili) iliyotoka kiwandani na injini ya hospawa 12. Anaing'oa, anafunga ya hospawa 22 ili ivute tela lililojaa mpunga na kuvuruga majaruba bila kuhema. Siku za mwanzo anafurahi, halafu moshi unaanza kutoka kwenye puli. Ananunua pleti mpya za klachi, zinaungua. Anatafuta pleti "ngumu zaidi", nazo zinaungua. Mwisho anaweka washa (pete bapa ya chuma) nyuma ya springi, mkono wa klachi unakuwa mzito kuvutika na gia zinalia zikiingizwa.

Klachi ya mashine iliyobadilishwa huchaguliwa kwa kipimo na hesabu, kabla ya kwenda dukani. Hesabu yenyewe ni kuzidisha na kugawanya tu. Ukiifuata, utajua unahitaji pleti ngapi na springi za nguvu gani, na utajua pia kama giaboksi yako inaweza kubeba unachotaka kuifanyia.

Mwongozo huu ni wa pawatila zenye klachi kavu ya pleti ndani ya puli kubwa, ile inayopokea belti kutoka kwenye injini. Ndivyo zilivyo nyingi za muundo wa Kichina. Kama yako haina pleti, na klachi yake ni puli ndogo inayokaza na kulegeza belti, soma hatua ya 1 tu. Kwako belti ndiyo klachi.

## Vitu vya kuandaa

- Spana, koleo ya sakliipu, puli pula na nyundo ya mpira
- Kalipa ya kupimia milimita, na rula ya chuma
- Mizani ya kupimia uzito wa mtu, na drili ya mezani au jeki ndogo yenye fremu
- Kipande cha kioo kinene kilichonyooka
- Karatasi za kawaida za kuandikia
- Kalamu na daftari
- Dawa ya kusafishia breki, vitambaa safi na maji
- Barakoa
- Oili sili (pete ya kuzuia oili isivuje) mpya ya shafti inayoingia kwenye giaboksi

Oili sili inunuliwe hata kama ya zamani haionekani kuvuja. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na pleti ambazo tone la oili litaziharibu.

## Hatua ya 1: Hakikisha kinachoteleza ni klachi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Injini ikiunguruma huku magurudumu hayasogei, wengi huilaumu klachi. Lakini belti zilizopangwa kubeba hospawa 12 zikibebeshwa 22, mara nyingi zenyewe ndizo huanza kuteleza.

Vuta mzigo mzito kwa dakika chache, kisha zima injini na usubiri kila kitu kisimame kabisa. Sogeza kiganja karibu na kila puli bila kuigusa.

Puli ndogo ya injini ikiwa ya moto sana, ukasikia harufu ya mpira, belti ndizo zinazoteleza. Puli ya klachi ikiwa ndiyo ya moto, na harufu ni kama ya breki za lori lililoshuka mlima, ni pleti.

Belti zikiwa ndizo tatizo, badilisha zote kwa pamoja, za aina moja na toleo moja. Belti mpya ikikaa karibu na ya zamani, hiyo mpya hubeba karibu mzigo wote na kukatika mapema. Ikiwa puli zina mfereji wa nne uliokuwa wazi, ujaze. Kaza mpaka belti ibonyee kidogo tu, takribani upana wa kidole gumba, ukiisukuma katikati. Ukikaza zaidi ya hapo utaua beringi za puli.

Umefanikiwa ukiona: injini inapungua mizunguko au magurudumu yanachimba udongo, na belti hazipigi kelele.

## Hatua ya 2: Fungua, na usome uchafu kabla ya kuusafisha

Zima injini, funga dizeli, kisha toa belti zote kwanza. Injini ya silinda moja huweza kuruka nusu mzunguko flaiwili (gurudumu lake zito) ikiguswa, na kidole kilichokuwa kati ya belti na puli hakitapona.

Vaa barakoa. Lainingi (tabaka la msuguano lililo kwenye pleti) za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu miaka mingi baadaye. Usipulize vumbi kwa kompresa wala kwa mdomo. Lilowanishe kwa maji, lipanguse kwa kitambaa, kisha kitambaa ukifunge kwenye mfuko na kukitupa.

Sasa angalia, na upige picha ya jinsi pleti zilivyopangwa. Vumbi kavu la kahawia na nyuso za chuma zenye rangi ya bluu ni dalili ya klachi iliyozidiwa nguvu. Tope jeusi linalonata ni oili, na kazi yako ya kwanza ni oili sili; hakuna springi duniani itakayoshinda oili. Kutu yenye matope ya jaruba inaonyesha maji yameingia kupitia kifuniko.

Pleti iliyolowa oili itupwe. Kuiosha kwa petroli husafisha uso peke yake. Ikipata joto, oili iliyojificha ndani hurudi juu.

## Hatua ya 3: Hesabu nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye klachi

Klachi haiulizi una hospawa ngapi, inabeba nguvu ya kuzungusha, na hiyo hutegemea pia mwendo wa injini na ukubwa wa puli zako.

Kwanza geuza hospawa kuwa kilowati kwa kuzidisha na 0.735. Kisha:

Nguvu ya kuzungusha (nyutoni mita) = 9,550 × kilowati ÷ mizunguko kwa dakika

Injini ya hospawa 12 inayokwenda mizunguko 2,000 ina kilowati 8.8, na jibu lake ni 42. Ya hospawa 22 kwa mizunguko 2,200 ina kilowati 16.2, jibu lake ni 70.

Halafu weka puli. Pima kipenyo cha puli ya injini na cha puli ya klachi. Gawanya cha puli ya klachi kwa cha puli ya injini, kisha zidisha na nguvu ya kuzungusha uliyopata. Tuchukue mfano wa puli ya injini yenye milimita 140 na ya klachi yenye 210. Uwiano ni 1.5. Klachi iliyokuwa ikipokea 63 sasa inapokea 105.

Tumia namba zilizo kwenye kibati cha injini yako, na mizunguko inayoandikwa hapo hapo karibu na hospawa. Ukichukua hospawa ya juu na mizunguko ya kibati kingine, hesabu yote inapotea.

## Hatua ya 4: Hesabu uwezo wa klachi uliyonayo

Unahitaji vitu vinne.

Nyuso zinazosuguana. Kila pleti ya msuguano ina nyuso 2. Pleti 2 ni nyuso 4.

Nusu kipenyo cha wastani. Pima kipenyo cha nje cha lainingi na cha ndani, jumlisha, gawanya kwa 4. Nje 150 na ndani 100 inakupa milimita 62.5, yaani mita 0.0625.

Kiwango cha msuguano. Kwa lainingi kavu ya kawaida tumia 0.3. Muuzaji akikuambia yake ni kubwa zaidi, bado tumia 0.3, kwa sababu msuguano hushuka pleti ikipata joto, na klachi yako hufanya kazi kwenye joto.

Nguvu ya springi. Hiki ndicho kipimo ambacho karibu kila mtu hukiruka, na ndicho kitakachokuambia ukweli. Kabla ya kufungua springi, pima urefu wake ikiwa imebanwa mahali pake. Itoe, iweke juu ya mizani chini ya drili ya mezani iliyozimwa, na uisukume taratibu kwa chuma bapa mpaka ifike urefu ule ule. Soma kilo, zidisha na 9.81. Fanya hivyo kwa kila springi. Vaa miwani, na usiegemeze uso juu yake. Springi ikichomoka hurukia popote.

Springi 6 za kilo 22 kila moja zinatoa jumla ya nyutoni 1,300 hivi. Sasa zidisha vyote:

4 × 0.3 × 1,300 × 0.0625 = 97.5

Uzuri wa namba hii ni kwamba inaeleza historia yote ya mashine. Kwa injini ya zamani iliyokuwa ikitoa 63, klachi ilikuwa na akiba ya zaidi ya nusu, ndiyo maana ilidumu. Kwa injini mpya inayotoa 105, klachi hiyo hiyo imepungukiwa tangu siku ya kwanza, hata pleti zikiwa mpya kabisa. Kuteleza kwa mizunguko 100 tu kwa dakika kunazalisha joto la karibu kilowati 1, kama jiko la umeme lililofungiwa ndani ya puli. Pleti haziwezi kupona humo.

## Hatua ya 5: Chagua njia ya kuongeza uwezo

Lenga uwezo ulio mara 1.3 hadi 1.5 ya nguvu inayofika. Chini ya hapo klachi itateleza ikichoka kidogo. Juu ya hapo tela likikwama, klachi haitateleza hata kidogo, na mshtuko wote utaenda kwenye meno ya gia. Kwa mfano wetu tunatafuta 137 hadi 158.

Hapa kuna jambo la kusema waziwazi. Giaboksi na ekseli zilitengenezwa kwa injini ya zamani. Angalia kitabu cha mashine kinataja injini ya juu kabisa ni hospawa ngapi. Ikiwa injini yako imevuka kiwango hicho, klachi nzuri itahamishia tu uharibifu mahali penye gharama kubwa zaidi. Bora kufunga injini ya katikati.

Kama giaboksi inaruhusu, kuna njia nne. Nimezipanga kwa jinsi ninavyozipendelea.

Klachi nzima ya mashine kubwa zaidi. Tafuta klachi kamili, pamoja na puli yake, ya pawatila iliyotengenezwa kiwandani kwa injini ya ukubwa wa kwako. Kila kitu ndani yake kimepangwa kwa pamoja. Beba pleti yako ya zamani dukani ulinganishe idadi ya meno ya kitovu (sehemu ya katikati inayovaa shafti), kipenyo cha shafti na beringi. Pleti iende ikateleze kwenye shafti yako halisi. Macho pekee hayatoshi.

Kuongeza pleti. Pleti ya tatu inafanya nyuso ziwe 6, na kwa springi zile zile uwezo unakuwa 146. Hiyo ni mara 1.39 ya mahitaji, na mkono wa klachi unabaki mwepesi kama zamani. Hata Marekani, wanaoshindana kuvuta sleji nzito kwa trekta za bustani zilizoongezwa nguvu, hufuata njia hii: trekta iliyotoka kiwandani na pleti moja hufungwa mbili au tatu.

Inahitaji nafasi. Utaongeza pleti moja ya msuguano na moja ya chuma ya kutenganisha, kwa hiyo pima kina cha nyumba ya klachi na urefu wa meno ya shafti. Pia klachi itahitaji kufunguka zaidi. Kila uso ukihitaji kuachana kwa milimita 0.3, nyuso 4 zinataka milimita 1.2, nyuso 6 zinataka 1.8. Kama rilizi beringi (ile inayosukumwa na mkono ili kufungua klachi) haisogei kiasi hicho, klachi itaburuta na gia zitakataa kuingia. Pima mwendo huo kabla ya kununua chochote.

Usimruhusu fundi wa kukereza apunguze ukuta wa nyumba ya klachi ili kupata nafasi. Chuma kilichopunguzwa unene kikizunguka kwa kasi huweza kupasuka, na wewe unatembea nyuma yake.

Springi zenye nguvu zaidi. Kwa pleti 2, mfano wetu ungehitaji springi za kilo 33 kila moja badala ya 22. Inawezekana, lakini mkono utakuwa mzito kwa nusu zaidi, rilizi beringi itabeba nusu zaidi, na vidole vya klachi (vyuma vinavyosukumwa na beringi hiyo ili kuachanisha pleti) vitalika. Kwa anayelima siku nzima na kukata kona kila dakika, mkono utachoka. Ukichagua njia hii, nunua springi mpya zenye waya mnene, seti nzima. Washa nyuma ya springi ya zamani ni hatari, kwani duara zake zinaweza kugusana kabla klachi haijafunguka.

Kubadilisha puli ya injini. Puli kubwa zaidi kwenye injini hupunguza nguvu inayofika kwenye klachi. Ukiweka ya milimita 180 badala ya 140, inashuka kutoka 105 hadi 82, na klachi ya zamani inakuwa na uwezo wa mara 1.19 ya nguvu hiyo. Haitoshi peke yake, ila inasaidia ikiunganishwa na springi zenye nguvu kidogo zaidi. Tahadhari: mashine nzima itakwenda kwa kasi zaidi kwa karibu asilimia 29, kabla hata hujahesabu injini mpya inayozunguka zaidi. Kwa mwenye tela na breki dhaifu kwenye mteremko, siipendekezi.

## Hatua ya 6: Chagua lainingi

Kati ya vitu vya kuchagua, lainingi imekuja mwisho, na ndipo mahali pake. Lainingi haiwezi kufidia nyuso chache au springi dhaifu.

Lainingi ya kawaida ya rangi ya kahawia au kijivu hushika taratibu na haili chuma. Kwa kilimo na tela, ndiyo ninayoishauri. Lainingi ya unga wa shaba uliopikwa huvumilia joto zaidi, lakini hushika ghafla, hula pleti za chuma, na mshtuko wake huenda kwenye gia. Pleti za pikipiki zilizotengenezwa kuogelea kwenye oili haziingii kwenye mjadala huu kabisa, hata zikilingana kipenyo.

Ukimpa fundi abandike lainingi kwenye pleti ya zamani, dai mambo mawili: unene ulingane pande zote, na vichwa vya riveti vizame vya kutosha chini ya uso. Gundi peke yake bila riveti huweza kuachia klachi ikipata joto.

## Hatua ya 7: Kagua vyuma

Laza kila pleti juu ya kioo. Jaribu kupitisha karatasi chini ya ukingo. Karatasi moja ya kawaida ina unene wa takribani milimita 0.1. Zikipita nne pamoja, pleti imepinda na itaburuta.

Pleti za chuma na presha pleti (ile inayosukumwa na springi kubana nyingine) zenye nyufa nyembamba za joto zitupwe. Rangi ya bluu bila nyufa na bila kupinda inaweza kusuguliwa kwa msasa.

Weka pleti kwenye shafti isiyo na grisi. Iteleze kwa uzito wake mwenyewe. Ikikwama, piga msasa kwa uangalifu kwenye meno. Ikicheza sana kushoto na kulia, kitovu kimekwisha.

Zungusha rilizi beringi kwa kidole. Ikikwaruza, badilisha sasa hivi.

## Hatua ya 8: Funga

Ingiza oili sili mpya kwa kuisukuma sawasawa pande zote. Jaza oili ya giaboksi, uiache usiku mzima, na asubuhi pangusa kwa karatasi nyeupe kuhakikisha pamekauka. Kusubiri huku kunaokoa pleti.

Futa nyuso zote kwa dawa ya breki. Kuanzia hapo usiguse lainingi kwa mikono yenye mafuta. Angalia kitovu kirefu cha kila pleti kinatazama upande gani, ukifuata picha uliyopiga au alama za zamani. Vitovu viwili vikigusana klachi haitabana.

Kaza nati za springi kwa msalaba, mzunguko mmoja mmoja, ili presha pleti ishuke ikiwa sambamba. Grisi kwenye rilizi beringi iwe kidogo. Inayozidi itarushwa kwenye pleti.

## Hatua ya 9: Rekebisha vidole na mkono

Vidole vyote vya klachi viguse rilizi beringi kwa wakati mmoja. Pima kila kimoja kwa kalipa kutoka sehemu moja ya kudumu. Kimoja kikitangulia, presha pleti huinama na klachi huburuta hata ikiwa na vifaa vipya.

Acha uwazi mdogo kati ya vidole na beringi mkono ukiwa umeachiliwa, chini ya milimita 1, kwa kipimo cha kitabu cha mashine yako. Bila uwazi, beringi inazunguka muda wote na springi hazibani kwa nguvu zote. Hii ndiyo sababu nyingine kubwa ya pleti mpya kuungua.

Umefanikiwa ukiona: mkono ukivutwa, puli inazunguka lakini shafti imetulia, na gia inaingia bila kulia. Mkono ukivutwa mpaka mwisho, kwenye mashine zenye breki ya pamoja, breki inashika baada ya klachi kuachia kabisa.

## Hatua ya 10: Izoeshe kabla ya kuipa mzigo

Injini ikiwa kwenye mwendo wa chini, funga na ufungue klachi mara kadhaa bila mzigo, ukiacha ipoe katikati. Kisha vuta tela tupu. Halafu nusu ya mzigo. Nyuso mpya hugusana kwa vipande vipande mwanzoni, na ukizipa mzigo kamili vipande hivyo vitaungua na kung'aa kama kioo.

Jaribio la mwisho lifanyike mahali tambarare, bila mtu mbele. Pakia tela mzigo wako wa kawaida, ingiza gia ya chini, achia mkono taratibu. Injini ikizama mizunguko kidogo halafu ikanyanyua mzigo, iko sawa. Injini ikipaa huku tela limesimama, zima mara moja, rudi hatua ya 4 na upime springi upya.

Baada ya siku chache za kazi, pima tena uwazi wa vidole. Utakuwa umepungua, kwa sababu pleti mpya hulika haraka mwanzoni. Rekebisha, na andika kwenye daftari kipimo, tarehe na urefu wa springi uliobanwa. Urefu huo ukiongezeka, pleti zimepungua unene na springi zimepoteza sehemu ya nguvu yake. Rudia hesabu ya hatua ya 4 kwa kipimo kipya, na uagize pleti kabla mavuno hayajaanza.